BM, MM, DH na wenzao: vifupisho vya ndugu vimeshakuponza? Tupeane uzoefu

Mama Pacha:
Habari za jioni wapendwa. Leo kwenye grupu la ukoo kaka yangu kaandika "MM amelazwa, tuchange." Basi, kanyamaza. Jina hakuna, hospitali hakuna, simu hapokei. Kwetu mama wakubwa wapo, mama wadogo wapo, mama mkwe wake yupo. Watu wakatuma hela kabla ya kujua anaumwa nani, na dada mmoja kaanza kulia kwenye ujumbe wa sauti. Kumbe ni mama mchungaji wa huko anakosali! Nyie hamjakutana na haya? Mwageni.

Kibajaji:
Mama mchungaji, hahaha. Na hela hizo hazirudi.

Bwana Shamba:
Umenikumbusha mbali. Kwetu tatizo ni BM. Baba mkubwa BM, baba mdogo BM, baba mkwe BM, halafu bi mkubwa, yaani mama mzazi, mimi nimemsevu BM na mdogo wangu anajua hivyo.

Nilikuwa kibaruani Tunduma. Usiku inaingia meseji ya dogo: "Bro BM hatunaye. Njoo." Nampigia, hapatikani. Kijijini kwetu umeme ukikatika na mtandao unaaga. Sikulala. Alfajiri nimo kwenye basi la Iringa, nalia kama mtoto. Mama mmoja niliyekaa naye, ana kuku kwenye boksi miguuni, akafungua kitenge chake cha pili akanifunika nacho uso, maana abiria walishaanza kugeuka. Tulipofika Mafinga nikampigia bosi nikaomba ruhusa ya msiba wa mama mzazi. Bosi mtu mwema, akanitumia rambirambi palepale.

Nashuka, nakimbia mpaka nyumbani. Turubai limefungwa, watu wamekaa. Anayekuja kunipokea begi ni nani? Bi mkubwa mwenyewe, kajifunga kanga kiunoni, mkono mmoja ameshika sufuria ya chai ya waombolezaji! Nikakaa chini kwenye vumbi. Aliyefariki ni baba mdogo, Mungu amrehemu, mzee wa watu alinifundisha kuendesha baiskeli. Lakini kicheko kilinitoka msibani, na wazee mpaka leo hawajanielewa.

Kibajaji:
Rambirambi ya bosi ulirudisha?

Bwana Shamba:
Tuendelee na mada mkuu.

Mzee wa Posta:
Vijana, enzi za meseji za kawaida ujumbe mmoja ni herufi 160, zikizidi unakatwa hela ya pili. Ndiyo maana watu waliandika "cjui", "xaxa", dada akawa "dd", kaka "kk". Tulikuwa na sababu. Leo WhatsApp unaweza kuandika gazeti zima, mnabana nini?

Bint Mwambao:
Nyinyi wa bara mna tabu. Kwetu Unguja baba mdogo ni ami, mama mdogo ni halati, kwisha. Kuna haja gani ya BM?

Ticha Mstaafu:
Na huko ami ni kila mwanaume mwenye mvi, mpaka muuza kahawa. Ukiambiwa "ami kafariki" utajuaje ni yupi?

Bint Mwambao:
Tunauliza. Tuna midomo.

Shangazi Yao:
Mimi nina wifi, mke wa kaka, yuko Uingereza. Tangu ajifungue amezoea kuandikiana na akina mama wa kule na lugha imemgeuka. Utasikia "DH yuko kazini, DD anaota meno, DS kagoma maziwa." Tukawa tunaitikia tu amina. Baadaye ndiyo akanielekeza: D ya mbele ni "dear", mpenzi. DH mume, DD binti, DS mtoto wa kiume, LO ni kichanga.

Sasa siku moja akakosea grupu. Akaweka kwenye la kwetu: "MIL amenichosha wiki hii, natamani iishe." Mama yetu mzazi akawahi kumjibu: "Pole mwanangu, milioni siku hizi haina maana, ukiivunja tu imekwisha." Kumbe MIL ni mama mkwe! Yaani mama anamfariji mtu anayemteta yeye mwenyewe. Wifi alipotea hewani wiki nzima. Na mimi sijamwambia mama mpaka kesho.

Mama Pacha:
Hahahaha "ukiivunja tu imekwisha". Nimetoa chai puani.

Wa Deira:
Huku Dubai Dh ni dirhamu, ipo kwenye kila bei ya dukani. Dada yangu yuko Marekani, akaandika "DH simuoni tangu asubuhi." Nikamjibu angalia mfuko wa koti.

Ticha Mstaafu:
Ya kwangu haichekeshi sana. Binamu yupo Kanada aliniandikia "sisi TTC mwaka wa pili." Mimi TTC ninayoijua ni chuo cha ualimu, nimesoma hapo. Nikampongeza, nikamwambia avumilie BTP tu, yale mazoezi ya kufundisha, mengine mepesi. Kumbe kule maana yake mtu na mwenzie wanatafuta mtoto. Alikata mawasiliano kitambo.

Kibajaji:
Na DC? Mama mmoja kaandika "DC wamelala, napumua." Nikajiuliza wakuu wa wilaya wamefuata nini kwake. Kumbe watoto.

Nesi wa Zamu:
Nipo kliniki ya wajawazito. Kwenye kadi kuna EDD, tarehe ya matarajio ya kujifungua. Unachukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, unaongeza miezi 9 na siku 7. Baba mmoja alikuja na kadi ya mkewe mkononi, kavimba, anataka kumjua huyu Eddy na tarehe hiyo wamepanga kukutana wapi. Na wengine wakiona BF wanasoma bwana wa nje, wakati ni kunyonyesha. EBF ni maziwa ya mama peke yake miezi 6, hata maji hapana.

Mkulima Njombe:
Hata maji hapana? Sisi tulipewa uji na miezi mitatu, mbona tuko hapa tunalima.

Nesi wa Zamu:
Wasiokuwepo hawawezi kuja kuandika hapa, kaka. Kama una kichanga ndani, usimpe.

Mkulima Njombe:
Haya nesi, yaishe. Nimeuliza tu.

Asali ya Tabora:
Jamani BM nusura ivunje ndoa yangu. Naongea na maumivu. Jumapili simu ya mume wangu iko chaji, ikaingia meseji ya BM: "Tumepokea, Mungu akubariki." Nikapanda juu kidogo, mume kaandika: "Nimetuma ya kodi, nyingine mwisho wa mwezi. Nisalimie watoto." Kichwani kwangu BM ni moja tu, bi mdogo. Mikono inatetemeka, nikapiga. Akapokea mwanamke! Nyuma mtoto analia! Ngojeni niepue maharage, nakuja.

Kibajaji:
Dada acha yaungue!!

Shangazi Yao:
Nimekaa mkao wa kula.

Asali ya Tabora:
Nimerudi. Nikamporomoshea yule mama matusi yote ninayoyajua na mengine nikatunga. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza taratibu, "Umemaliza, mkwe?" Kumbe ni mke wa baba mdogo wa mume wangu. Mtoto ni mjukuu wao. Wana nyumba yao Urambo na mzee amepata kiharusi, mume wangu anawasaidia. Jumamosi nimeitwa kikao cha ukoo.

Wakili wa Kijiweni:
Hii chai. Mwanaume gani anamsevu baba mdogo BM asijue balaa lake?

Bwana Shamba:
Wapo, nimeshasema hapo juu. Dada, nenda na kitenge cha kumpa huyo mama, magoti chini, usijitetee.

Bint Mwambao:
Usiende mikono mitupu, ila usipige magoti kabla ya mumeo kueleza kwa nini simu yake imejaa mafumbo.

Wakili wa Kijiweni:
Jaribu kumtumia hiyo BM hela kidogo, jina la mwenye namba linatokea kabla hujathibitisha.

Mama Pacha:
Wewe kaka unachochea moto.

Mzee wa Posta:
Nawapa dawa: BMK baba mkubwa, BMD baba mdogo, BMW baba mkwe.

Kibajaji:
Mkwe kawa gari la Mjerumani. Mahari itapanda.

Asali ya Tabora:
Nimejaribu. Jina la kike, na si la yule mama.

Shangazi Yao:
Weeeh.

Asali ya Tabora:
Tulieni. Nimempigia mama mkwe, anasema ni jina la binti yao wa mwisho, laini alisajili yeye maana mzee kitambulisho kilipotea. Namfahamu, alisimamia harusi yangu. Mmenipandisha presha bure.

Nesi wa Zamu:
Kunywa maji, ulale. Wakili aombe radhi hapa hapa.

Wakili wa Kijiweni:
Radhi naomba, dada yangu. Ila umesema wana nyumba yao Urambo. Sasa ile kodi ni ya nini?