Hundi ya marejesho ya kodi imefika Mtwara, benki hawaitaki

Mama wa Shangani, Mtwara:
Salaam ndugu zangu wa Kusini. Nimesharudi nyumbani moja kwa moja, kazi ya kutunza wazee Leeds nimeiacha. Kabla sijaondoka nilijaza P85, fomu ya kuiarifu ofisi ya kodi kwamba nahama Uingereza, nikaambatanisha P45, karatasi ya kuacha kazi niliyopewa na mwajiri. Sasa barua imefika kwenye sanduku la posta, ndani mna hundi ya pauni yenye jina langu. Nimeipeleka benki moja hapa mjini, binti wa kaunta akasema hundi za nje hawapokei tena. Benki ya pili wakasema nijaribu Dar, huenda wakapokea. Nauli, malazi, halafu jibu ni "huenda"! Hiyo ni jasho langu la zamu za usiku. Nani ameshabadilisha hundi ya namna hii akiwa Tanzania, na alipitia benki gani? Hundi ikipita miezi 6 inakuwa karatasi tu.

Mzee wa Mikindani, Birmingham:
Pole sana mwanangu. Lakini shukuru kwanza kwamba wamekurudishia. Wengi wetu tuliondoka bila kudai chochote. Sisi raia wa Jumuiya ya Madola tuna haki ya ile posho isiyokatwa kodi, yaani sehemu ya kipato isiyotozwa, hata tukiwa tumeshaondoka. Dai na miaka inayofuata kama una kipato chochote kilichobaki huku.

Kaka wa Newala, Reading:
Shikamoo mzee. Naomba tusimpoteze dada. Haki hiyo ya Jumuiya ya Madola kwa asiyekaa Uingereza iliondolewa Aprili 2010. Dada anarudishiwa kwa sababu nyingine kabisa. Posho ya mwaka mzima ni pauni 12,570, na PAYE, yaani makato ya kodi kwenye mshahara, inaigawa kidogo kidogo kuanzia 6 Aprili. Ukiondoka Oktoba umetumia karibu nusu yake, na kilichokatwa zaidi kinarudi. Na anayetaka kudai miaka ya nyuma ana miaka minne tu baada ya mwaka wa kodi kuisha. Wa 2021/22 mwisho wake 5 Aprili 2026. Watu wanakaa na P60, karatasi ya mwaka ya mshahara na kodi iliyokatwa, kabatini mpaka dirisha linafungwa, inaniuma sana nikiona.
Kuhusu hundi: P85 yenyewe ina mahali pa kuandika akaunti ya benki ya Uingereza, yako au ya mtu unayemteua. Usifunge akaunti yako kabla fedha haijaingia. Wapo pia wanaotumia R38, fomu ya kudai marejesho, kumteua ndugu apokee.

Mzee wa Mikindani:
Marahaba. Hiyo 2010 sikuwa nimeisikia, ila kunikatiza hivyo mbele ya watu si adabu.

Mama wa Shangani:
Asanteni wote. Akaunti yangu ya huko imeshafungwa, benki yenyewe iliifunga niliposema nahama. Hundi ninayo mkononi sasa hivi. Ninachouliza ni benki ya Tanzania.

Dada wa Nachingwea, Hamburg:
Dada, huku kwetu Ujerumani ukiwa na IBAN, namba ya akaunti ya kimataifa, mambo yanakwenda. Kinachotusumbua ni pensheni. Mtanzania aliyechangia chini ya miezi 60 anaweza kudai Beitragserstattung, yaani kurudishiwa michango, lakini lazima miezi 24 ipite tangu atoke na asiwe amerudi kufanya kazi Ulaya. Na anapata nusu yake tu, ile ya mwajiri inabaki huku. Binamu yangu alirudi Ruangwa akidhani atapata yote, akaanza msingi wa nyumba. Msingi upo mpaka leo na nyasi zimeota juu.

Mjomba wa Kilwa, Maskati:
Ndiyo maana mimi nawaambia vijana waje Omani. Mshahara wote mfukoni, hakuna fomu.

Kaka wa Newala:
Mjomba, Omani wametunga sheria ya kodi ya kipato mwaka 2025. Inaanza Januari 2028, asilimia 5 kwa kinachozidi rial 42,000 kwa mwaka.

Mjomba wa Kilwa:
Rial 42,000! Nani kati yetu anapata hiyo? Wewe unapenda kusahihisha tu.

Baba wa Tandahimba:
Nawasoma nikiwa shambani, msimu wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa. Ninyi angalau mna ofisi inayowaandikia barua: tulikukata zaidi, chukua. Sisi ushuru wa korosho ghafi zinazokwenda nje ulikuwa unarudi asilimia 65 kuendeleza zao. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, zote zikaingia Hazina. Wabunge wetu wakasimama bungeni, hawakusikilizwa. Mwaka huohuo, Novemba, wanunuzi binafsi wakaondolewa, bei ikatangazwa 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakaja kubeba magunia. Nani alitujazia sisi P85?

Dada wa Nachingwea:
Baba umenikumbusha harufu ya mabibo yaliyoiva pale njiani kwenda Masasi. Huku nanunua korosho kwenye pakiti ndogo, na nyuma wameandika nchi nyingine kabisa.

Kaka wa Newala:
Ushuru wa kusafirisha zao na kodi ya mshahara ni vitu viwili tofauti, tusivichanganye. Ila baba anasema kweli: fedha ya mkulima iliyokatwa ili imnunulie salfa ilipaswa kumrudia.

Binti wa Mtama, Coventry:
Jamani na NI, michango ya bima ya taifa ya Uingereza, je? Nikirudi nyumbani inarudishwa?

Kaka wa Newala:
Hairudishwi, dada. Inahesabiwa kwenye pensheni. Ukifikisha miaka 10 ya michango utalipwa ukifika umri, hata ukiwa Mtama, ila ukiwa Tanzania kiwango hakipandi kila mwaka kama cha waliobaki huku. Umechangia miaka mingapi mpaka sasa?

Binti wa Mtama:
Nane na kidogo. Basi mkataba nasaini tena, mama atanisubiri.