Nguzo ya moshi juu ya ziwa, Capri Point

Ndugu zangu, juzi asubuhi nikitembea ufukweni Mwanza baada ya mvua, niliona nguzo nyeusi ikipanda kutoka majini mithili ya moshi. Je, ni wadudu gani, na wanauma?

Jibu la kwanza:
Hawaumi. Ni inzi wa ziwani; wakiwa viluwiluwi, huishi kwenye matope ya chini ya ziwa, kisha huibuka kwa pamoja, hasa mwezi unapoandama. Funga mdomo tu; mimi nimekwisha kuwameza.

Jibu la pili:
Ukiwa hapo ufukweni, yatazame na mawe pia: mjusi mwenye kichwa chekundu na kiwiliwili cha buluu ni dume, ilhali jike ni la kahawia. Tena mdiria wa madoa meusi na meupe husimama hewani akipigapiga mbawa, kabla ya kujitosa majini kichwa mbele.