Mafundi wa umeme Lamu, nani kawaambia kubadili plagi ndiko kubadili volti?

Jamani, leo sina salamu ndefu. Naitoa hasira yangu hapa kwa sababu nikiitoa Langoni nitagombana na nusu ya mtaa, na mamake huyo fundi ni jirani yetu, twapelekeana futari.

Dada yangu akaaye Marekani alipokuja kututembelea alimletea mama taa ya mezani. Ya shaba, nzito, haina swichi. Waigusa popote yawaka, ukiigusa tena mwanga wazidi, mara ya tatu wazidi zaidi, ya nne yazima. Mama alifurahi sana, maana vidole vyake vina baridi yabisi na swichi ndogo zamtesa. Chini ya taa pana karatasi: 120 V, 60 Hz. Mtoto wa darasa la nne angeisoma.

Nikamwita fundi, nikamwonyesha ile karatasi kwa kidole changu. Akacheka. "Bi dada, umeme ni umeme. Tofauti ni plagi tu." Akakata plagi yao ya vyuma viwili bapa, akafunga yetu ya vyuma vitatu, akapokea shilingi 800 zake. Akaniambia, haya, gusa.

Nikagusa. Globu ikatoa mwanga mweupe kama radi ikapasuka, huko ndani ya taa kukalia pa! na chumba kizima kikanuka plastiki. Mama akasoma shahada. Mwenzangu yule akaniangalia bila haya akasema globu "ilikuwa mbovu toka huko".

Hayakuishia hapo. Kesho yake karudi na kijisanduku chepesi, kimeandikwa wati 1600, ati ndiyo transfoma ya kushusha volti, nimpe 2,500. Nikampa! Mjinga ni mimi, semeni tu. Tukatia globu ya akiba, tukagusa mpaka tukachoka, taa kimya kama mawe ya makaburini.

Ndipo akaja kijana wa kaka yangu anayesomea umeme Mombasa, akaifungua taa mezani. Umeme wetu ni volti 240, mara mbili ya ule wa karatasi. Ukizidisha volti mara mbili, mkondo nao wazidi mara mbili, kwa hivyo globu ya wati 60 yataka kula mara nne, karibu wati 240 kwa hesabu ya darasani, na uzi wake haufiki huko, wakatika kwanza. Lakini globu ni shilingi ngapi? Kilichoniuma ni kile kidude cha elektroniki kinachohisi mkono. Hicho ndicho kilicholia pa. Kama taa ingekuwa ya swichi ya kawaida, ilihitaji globu ya volti 240 tu na plagi, basi: holda yao ya skrubu yapishana na yetu milimita moja, globu yetu yaingia, na hiyo holda yenyewe imepigwa chapa 250 V.

Na kile kijisanduku? Kijana alikipima kwa mkono tu akakiweka kando. Transfoma ya kweli ina chuma na waya wa shaba ndani, ya wati kama hizo huibebi kwa vidole viwili. Vijisanduku hivi vyaukatakata umeme, vyafaa pasi na vikausha nywele, si kitu chenye elektroniki ndani.

Subirini, bado. Waya wa taa za kule una upande wenye mistari, huo ndio nyutro, waya wa kurudishia umeme. Fundi wetu aliupeleka kwenye laivu, ule unaoleta umeme! Yaani ule mzingo wa skrubu unaoshikwa na vidole ukibadilisha globu ulikuwa na volti 240. Taa ya mama yangu. Na fyuzi aliyoiacha ni ya ampea 13, ya pasi na birika, kwenye waya mwembamba kama tambi.

Kijana katoa kidude kilichoungua, katia waya wa nyuzi tatu, ule wa kijani na manjano akaufunga kwenye mwili wa shaba (kabla ya hapo haukuwa na ardhi kabisa, yaani waya wa usalama wa kupeleka umeme chini, kidude cha kugusa hakifanyi kazi mwili ukifungwa ardhi), fyuzi ya ampea 3, globu ya LED ya 240. Yawaka vizuri. Lakini ina swichi kwenye waya, na mama aipapasa gizani kwa vile vidole vyake.

Kwa hivyo nauliza: kuna anayejua wapi hapa, Malindi au Mombasa, nitapata kidude cha taa ya kugusa cha volti 240? Na wewe fundi, najua wasoma humu. Zile 2,500 nazitaka kabla ya Ijumaa, njoo uchukue kijisanduku chako. Taa ilikuja na globu tatu, moja uliipasua, moja ninayo. Ya tatu iko wapi?