Naomba ushauri: ami ataka kurudi Hodeidah, Yemeni, kwa kuwa kuna waangalizi wa Umoja wa Mataifa (mazungumzo ya 2025; ujumbe wa waangalizi hao ulifungwa Machi 2026)

UmmuSalma (Kibokoni)

Assalam aleikum ndugu zangu, na wengine wote hamjambo.

Nina jambo la nyumbani lakini lina siasa ndani yake, ndiyo maana nimelileta kwenu. Ami yangu, mdogo wa marehemu baba, alikuja Mombasa 2015 vita vilipochacha Yemeni. Alivuka kwa jahazi hadi Djibouti, akahangaika huko, mwisho akatufikia hapa Mji wa Kale. Ni mvuvi, na ana shamba la mitende karibu na Hays, kusini mwa jimbo la Hodeidah. Mkewe na binti yao walibaki huko.

Sasa kila akimaliza kuswali Isha na kukaa barazani na wenzake, maneno ni hayo hayo: mapigano yamesitishwa, waangalizi wa Umoja wa Mataifa wapo, yeye angoja nini tena? Kaka yangu amuunga mkono na ameshaanza kuchangisha nauli. Mimi moyo wangu wakataa, lakini nikiulizwa hoja sina. Nikimwambia, "Ami, subiri kidogo," aniuliza asubiri mpaka lini. Ana haki ya kuuliza. Miaka yote hii hajamwona mkewe.

Nataka kuelewa: waangalizi hawa wafanya nini hasa? Wakiwepo, mtu wa kawaida aweza kulima na kwenda baharini kwa amani? Risasi zikianza, wao watazuia? Mwenye ujuzi au mwenye jamaa kule anijibu, tafadhali. Sitaki kumzuia mzee wa watu kwa hofu tupu, wala sitaki tumpeleke kwenye mauti kwa michango yetu wenyewe.

Kepteni Mstaafu (Changamwe)

Waaleikum salaam binti yangu. Nimewahi kuvaa bereti ya buluu kama mwangalizi wa kijeshi mpakani mwa Ethiopia na Eritrea, kwenye ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulioitwa UNMEE, kwa hiyo nitasema niliyoyaona.

Mwangalizi hana bunduki. Watu wengi hawaliamini hili mpaka waambiwe mara mbili. Mnatoka doria wawili au zaidi, kila mmoja wa nchi yake ili pasiwe na wa kusema mmependelea, kwenye gari jeupe linaloonekana kutoka mbali. Mnahesabu milio na kuandika saa. Mnapima shimo la kombora ili kujua lilitoka upande gani. Mnazungumza na makamanda wa pande zote mbili na wazee wa vijiji, na jioni ripoti inakwenda makao makuu, na nyingine hupanda mpaka New York. Kamanda aliyesogeza kifaru usiku anajua kesho ataulizwa, na wengi hujizuia kwa sababu hiyo. Kazi hii imeokoa watu, tusiidharau. Mapigano mengi huanza kwa tetesi: upande mmoja unadhani mwenzake anajipenyeza, unaanza kujibu shambulio ambalo halipo. Sisi tulikuwa tukienda kuangalia na kurudi kuwaambia, hapana, ni wachungaji na mifugo yao.

Lakini mtu akishaamua kupiga, mwangalizi hamzuii. Tena mwangalizi huenda pale tu anaporuhusiwa. Kule kwetu palikuwa na eneo la usalama lenye upana wa kilomita 25 ndani ya Eritrea. Oktoba 2005 serikali ya Eritrea ikapiga marufuku helikopta zetu. Baadaye ikakata mafuta ya magari, na 2008 ujumbe ukafungwa. Hakuna aliyetutimua kwa vita; tulinyimwa mafuta, basi.

Ami akikuambia waangalizi wapo, muulize kama wanafika kijijini kwake, na mara ngapi.

Mwalimu wa Tudor

Niongeze historia kidogo, maana barazani mambo haya huchanganywa.

Makubaliano yanayoitwa ya Stockholm yalifikiwa Sweden tarehe 13 Desemba 2018, baina ya serikali ya Yemeni na Wahouthi, waasi wanaopigana nayo. Mapigano ya Hodeidah yakasitishwa tarehe 18. Januari 16, 2019 Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 2452 na kuunda ujumbe wa UNMHA, waangalizi wasiozidi 75. Sabini na watano, kwa jimbo la watu mamilioni! Siku iliyofuata msafara wa mkuu wao, Jenerali Patrick Cammaert wa Uholanzi, ukapigwa risasi. Gari lilikuwa la deraya na hakuna aliyeumia, lakini ujumbe ulikuwa na umri wa siku moja tu.

Pande hizo hazikuaminiana hata kuvuka kwenda kwa mwenzake, ikabidi mikutano ya kamati yao ya pamoja ya kusimamia usitishaji wa mapigano ifanyike melini, katikati ya Bahari ya Shamu. Oktoba 2019 wakaweka vituo vya pamoja kwenye mstari wa mbele, maofisa wa pande zote mbili pamoja na Umoja wa Mataifa. Nakumbuka nilivyofurahi kuisoma habari ile, nikadhani sasa mambo yametulia. Machi 2020 mdunguzi akampiga afisa wa serikali akiwa kituoni, baadaye akafariki, na serikali ikasitisha kushiriki kwenye kamati.

Kisha Novemba 2021 majeshi ya upande wa serikali yakaondoka pembezoni mwa mji yakateremka kusini, na waangalizi hawakuarifiwa mapema. Fungua ramani, UmmuSalma, uangalie mapigano yalihamia wapi baada ya hapo. Ni huko huko Hays. Shamba la ami liko pale mstari ulipohamia.

Na jambo la mwisho. Makubaliano yalitaja mji wa Hodeidah na bandari tatu: Hodeidah yenyewe, Salif na Ras Isa. Ujumbe ulipewa jukumu la jimbo zima, lakini doria zao za kila wiki zinazotajwa ni za bandarini. Mtu akisikia redioni "waangalizi wako Hodeidah" hudhani wamefika mpaka mlangoni kwake.

Bin Awadh (Bondeni)

Mimi nasema mwacheni mzee aende. Mwazungumza kana kwamba waangalizi hawajawahi kufaulu popote. Aceh, Indonesia, je? Makubaliano yalitiwa saini Helsinki Agosti 15, 2005, waasi wa GAM waliotaka Aceh ijitenge wakasalimisha silaha 840 mbele ya waangalizi wa Ulaya na wa ASEAN, jumuiya ya nchi za kusini-mashariki mwa Asia, na mwisho wa 2006 waangalizi wakafunga virago kwa sababu kazi ilikwisha. Watu wakarudi kulima.

Na huko Yemeni kwenyewe, Aprili 2, 2022 walikubaliana kusitisha vita miezi miwili, wakaongeza mara mbili, Oktoba muda ukaisha bila kuongezwa tena, na bado mstari wa mbele wa Hodeidah haukuwaka tena kama 2018. Watu waishi kule. Waoa, wavua, wazika. Mzee ana mke. Tukingoja dunia itulie, atazikwa Mombasa na mkewe hajui hata kaburi liko wapi.

Kepteni Mstaafu (Changamwe)

Bin Awadh, uchungu wako naupata na hoja yako si mbaya. Ila Aceh pande zote mbili zilikuwa zimechoka na zilitaka kumaliza, na silaha zilihesabiwa zikaharibiwa mchana kweupe. Hodeidah hakuna aliyesalimisha kitu. Mwangalizi hufaa sana pale wapiganaji wenyewe wanapotafuta shahidi. Wasipomtaka, anabaki kuandika.

Baharia (Likoni)

Mimi nasemea bahari, maana ami ni mvuvi. Meli za biashara zinazoingia Hodeidah hukaguliwa kwanza na watu wa UNVIM walioko Djibouti, utaratibu wa Umoja wa Mataifa ulioanza 2016. Huo ni ukaguzi wa shehena za silaha, haumhusu mwenye ngalawa na nyavu. Mvuvi hana anayemkagulia njia. Kuna mabomu yaliyotegwa majini ambayo hukatika nanga na kuelea, na wavuvi wa pwani ile wameuawa nayo.

Jingine ambalo watu hulisahau. Julai 20, 2024 ndege za Israeli zilipiga bandari ya Hodeidah, matangi ya mafuta yakawaka. Aprili 17, 2025 Marekani ikapiga Ras Isa, wakafa watu wengi. Ujumbe wa waangalizi ulikuwa bado upo. Yale ni makubaliano ya Wayemeni wenyewe kwa wenyewe, hayamfungi aliye nje.

Mama Zuhura (Majengo)

Mwanangu UmmuSalma, nimesoma majibu yote nimefaidika. Lakini sijaona aliyeuliza mke wa ami asemaje. Yeye ndiye aliyeko. Ajua njia ipi watu wapita na shamba lipi halikanyagwi.

Nina dada aliyeolewa Aden, na kila tukizungumza hofu yake kubwa ni mabomu ya ardhini, kuliko bunduki. Hayo hayajui kama mapigano yamesitishwa. Yalitegwa mashambani, njiani, karibu na visima, na mafuriko yakija huyasomba yakayatupa pahali pengine, kwa hivyo hata shamba lililosafishwa mwaka jana huwezi kuliapia. Mradi wa Masam wa Saudi Arabia wayategua tangu 2018 na kazi haijesha. Mpigie mama huyo simu, ami asiwepo karibu, umuulize mambo ya ukweli.

Na kabla ya kukata tiketi yoyote, nendeni mkaulize kuhusu karatasi zake za ukimbizi. Akirudi kwa hiari yake kisha mambo yakaharibika, Kenya itampokea tena? Mjibiwe kwa maandishi.

UmmuSalma (Kibokoni)

Mama Zuhura, Mungu akuweke. Nimempigia.

Kumbe hayuko Hays tena. Alihama na binti yake wakaenda kwa ndugu zake Khokha, na hakumwambia mumewe kwa kuogopa kumvunja moyo. Mitende ipo, lakini hakuna anayeingia kuvuna. Wanakijiji wameweka mawe yaliyopakwa rangi nyekundu na kila mtu ajua maana yake. Nilimuuliza kuhusu waangalizi. Akasema aliwahi kuona magari meupe yakipita barabara kuu, na kwamba wiki ile milio ilipungua, kisha ikarudi.

Hakusema ami asije. Alisema amtaka sana. Ila aomba wakutane Aden, kwa shemeji yake mwenye nyumba huko, wakae pamoja miezi kadhaa, na shamba liachwe mpaka litakaposafishwa. Kaka yangu nimemsikilizisha sauti niliyorekodi kwa idhini ya mama mwenyewe. Amenyamaza, kisha akasema michango haitarudishwa, itabadilishwa iwe nauli ya Aden na matumizi. Kesho twaenda kuulizia karatasi.

Iliyobaki ni kumwambia ami. Mimi ni mtoto kwake, tena mwanamke. Nikianza kumweleza mambo ya vita ataona namfundisha. Nimwingilie vipi?

Kepteni Mstaafu (Changamwe)

Habari za shamba na za kuhama asizisikie kwako wala kwetu, azisikie kwa mkewe mwenyewe kwa simu. Hayo ni ya wawili. Ya waangalizi niachie mimi. Ijumaa baada ya Alasiri nitakuja hapo barazani, mzee kwa mzee, nimweleze tulivyokuwa tukifanya kazi na tulipokuwa tukikwama. Mwalimu wa Tudor, njoo na ramani yako kubwa. Na wewe binti, muulize mke wa ami yako akutajie vizuizi vyote vya barabarani kutoka Aden hadi Khokha na nani anasimamia kila kimoja, uniandikie kabla ya Ijumaa. Tutaanzia hapo.

Mwalimu wa Tudor

Nitakuwepo na ramani.