Hela ya dagaa wakati wa mbalamwezi: kuhamisha benki hadi benki kunalipa?

MamaDagaa_Kibirizi:
Habari zenu ndugu. Nina mwaka wa tisa kwenye biashara ya dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Nanunua wabichi alfajiri mitumbwi ikifika, naanika, nafunga magunia, yanapanda treni kwenda Tabora na mengine Dar. Anayeijua kazi hii anajua kwamba mwezi ukiwa mkali wavuvi hawaingii ziwani, maana dagaa hafuati taa. Basi kila mwezi kuna siku kama kumi mtaji wangu unalala. Sasa hivi ni milioni sita.

Nina akaunti mbili. Ya biashara haina riba hata senti. Ya pili ni ya akiba, benki nyingine. Siku nafungua waliniambia riba ni asilimia 4 kwa mwaka, na kila laki moja unayoweka inakupa nafasi kwenye droo ya pikipiki. Nikajiwekea utaratibu: mbalamwezi ikianza nahamisha milioni sita kwenda akiba, giza likirudi nazirudisha nikanunulie dagaa. Kule naacha laki moja tu ili akaunti isife. Nimefanya hivyo Januari, Februari, Machi na Aprili bila kukosa.

Juzi nimeomba taarifa ya akaunti. Riba ya miezi yote minne ni shilingi 1,200. Elfu moja na mia mbili! Makato ya kuhamisha ni 4,200 kila safari, nimehamisha mara nane, jumla 33,600. Pikipiki sijaiona. Niliumia sana, kwa sababu hela hii nimeilea. Nilianza na ndoo mbili za dagaa.

Naomba mwenye kujua aniambie: nimedhulumiwa, au kuna mahali nakosea? Na Ziwa Tanganyika likifungwa tena, yaani serikali ikizuia uvuvi ili samaki wazaliane, nifanyeje? Mwaka 2024 lilifungwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, na mtaji wangu ulikaa bure miezi mitatu mizima.

Nilikuwa_Kaunta:
Pole dada. Nilikaa kaunta ya benki miaka saba, sasa nipo Tabora nalima tumbaku. Hujadhulumiwa, ila hawakukueleza, na hilo ni kosa lao.

Akaunti nyingi za akiba zinahesabu riba kwa salio la chini kabisa la mwezi. Mwezi mzima ulikuwa na laki moja, katikati ukaingiza milioni sita, ukatoa. Salio la chini ni laki moja, na riba inapigwa kwenye laki hiyo. Hesabu yenyewe hii hapa: asilimia 4 ya laki moja ni 4,000 kwa mwaka, gawa kwa kumi na mbili ni 333 kwa mwezi, kwa miezi minne ni kama 1,333. Serikali inachukua kodi ya zuio asilimia 10 kwenye riba. Inabaki 1,200. Ndiyo hiyo uliyoiona. Zile milioni sita hazikuhesabiwa hata siku moja.

Zipo benki zinazokokotoa kwa salio la kila siku, lakini usikimbilie huko bado. Milioni sita kwa asilimia 4, siku kumi, ni 6,575. Toa kodi, inabaki 5,918. Kwenda na kurudi unakatwa 8,400. Umepoteza karibu 2,500 na hesabu yote ni halali. Kwa makato hayo hela lazima ilale zaidi ya siku kumi na nne ndipo uanze kuona faida, na mbalamwezi yako haifiki huko.

Mwalimu_Kasulu:
Mimi natumia mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya serikali inayokusanya hela za watu wengi na kuziwekeza kwa pamoja. Unaanza na laki moja, hakuna makato ya kuingia wala kutoka, na thamani ya kipande, yaani sehemu ya mfuko unayonunua, inasogea kila siku, kwa hiyo siku zako kumi zitahesabiwa. Faida haina ahadi ya asilimia fulani, hilo lijue. Ukitaka hela yako unajaza fomu, wanakulipa ndani ya siku tatu za kazi.

MamaDagaa_Kibirizi:
Asante mwalimu. Hizo siku tatu ndizo zinanipa shida. Giza likirudi, usiku wa kwanza tu mitumbwi inaweza kuja imejaa, na mvuvi anataka hela mkononi pale pale mchangani. Ukimwambia subiri hadi Alhamisi anampa mwingine, na mwezi unaofuata hakuiti.

Kaka wa Tabora, nimekuelewa, ingawa nimekaa na karatasi na kalamu saa nzima. Kumbe laki yangu moja ndiyo iliyofanya kazi peke yake.

Mzee_Ujiji:
Mwanangu, achana na pikipiki. Droo ni bahati, mtaji wa watoto hauwekwi kwenye bahati. Nikuongezee jambo ambalo wafanyabiashara wengi hapa hawalijui: benki ikifilisika, Bodi ya Bima ya Amana inamlipa mwenye akaunti hadi shilingi 7,500,000. Zamani ilikuwa 1,500,000, wakapandisha 2023. Milioni sita zako zimo ndani. Zikivuka hapo, hapo ndipo kuwa na benki mbili kuna maana.

MamaDagaa_Kibirizi:
Shikamoo mzee. Hilo sikulijua, nashukuru mno.

Leo nimepita benki ya tatu, mjini. Akaunti ya muda maalumu ya miezi mitatu wananipa asilimia 8 kwa mwaka. Ziwa likifungwa nabaki na milioni moja ya kula na ada, naweka tano. Riba laki moja, kodi elfu kumi, mkononi elfu tisini. Makato ya kuhamisha ni ya kwenda na kurudi mara moja tu. Mbalamwezi za kila mwezi nimeamua hela ikae ilipo. Nimepiga hesabu sawasawa?

Nilikuwa_Kaunta:
Sawasawa kabisa, dada. Mambo mawili kabla hujasaini. Kwanza, andika kwenye fomu kwamba muda ukiisha hela iingie akaunti yako ya biashara. Usipoandika, benki nyingi zinaizungusha tena miezi mitatu mingine, na ukiivunja katikati unapoteza riba yote au sehemu kubwa.

Pili, tarehe. Ukisubiri ziwa lifungwe ndipo uende, ukaweka tuseme tarehe 20 Mei, itaiva 20 Agosti. Ziwa likifunguliwa 15 Agosti kama 2024, utakuwa na milioni moja tu mkononi na mitumbwi imejaa.

MamaDagaa_Kibirizi:
Ee Mungu wangu, hilo nisingeliona. Ule usiku wa kwanza baada ya miezi mitatu dagaa wanakuwa wengi ajabu, na ndipo bei inakuwa nzuri kwetu wanunuzi. Wakitangaza tarehe tu nakwenda kuweka siku nne kabla. Magunia nitakuwa nimeshayashona.