Binti ana miaka 7, anawekewa silanti. Jino linaandaliwaje?

MamaNeema_Uyole:
Habari za jioni ndugu zangu. Binti yangu ameota magego ya kudumu, na daktari wa meno hapa Mbeya ameshauri yawekewe silanti, yaani utando mwembamba wa plastiki unaoziba mifereji ya juu ya jino, yasije yakatoboka. Nimekubali, ila aliposema jino hupakwa tindikali kwanza, moyo ulinilipuka. Jino jipya kabisa, lipakwe tindikali? Na je, watalichimba kama wanavyoziba? Naombeni mnieleweshe.

BabaWawili_Mafinga:
Wangu aliwekewa Iringa mjini. Hakuchomwa sindano wala kuchimbwa. Alilalamikia uchachu mdomoni tu.

Tabibu_Njombe:
Usiogope mama, hii ndiyo kazi yangu. Juu ya gego kuna mifereji myembamba hata unywele wa mswaki hauingii, na humo ndimo jino huanza kuoza. Tunaisugua kwa brashi ndogo na unga wa pamisi (jiwe jepesi la volkano lililosagwa) uliochanganywa na maji. Hatutumii kitu chenye mafuta, maana silanti haitashika.

Tindikali yenyewe ni jeli ya fosforiki, asilimia 35 hadi 37. Inakaa sekunde 15 hadi 30, kisha tunaiosha kwa maji mengi. Inakwangua enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, juujuu tu, ibaki na vitundu visivyoonekana kwa macho ambavyo silanti itapenya na kujishika. Tukikausha, sehemu ile lazima iwe nyeupe iliyofifia, kama chaki. Isipokuwa hivyo, tunapaka tena.

Sasa, ninachokipigania kuliko vyote ni ukavu. Tunazungushia jino pamba, mashine inanyonya mate. Mtoto akilamba jino kabla ya silanti kuwekwa, mate yale hayafutwi kwa pamba mambo yakaendelea! Tunarudia tindikali. Nikisikia mtu ameruka hatua hiyo naumia, maana silanti itabanduka mapema na mzazi ataona haina maana. Kwa hiyo mfundishe Neema nyumbani kukaa kinywa wazi, ulimi umetulia. Mengine ni mepesi: tunapaka silanti, tunaimulika kwa taa ya kuigandisha, kisha anang'ata tuone kama hakuna kinachomkwaza.

MamaNeema_Uyole:
Ndaga fijo dokta, nimepumua. Ila gego moja la chini bado limefunikwa nusu na ufizi. Nalo litawekewa?

Tabibu_Njombe:
Hilo ni gumu kulikausha. Muulize daktari wako kuhusu glasi ayonoma, aina nyingine ya dawa ya kuziba meno, inavumilia unyevu zaidi. Inaweza kulilinda kwa sasa, halafu jino likishatoka lote awekewe silanti ya kawaida. Na yale mengine yakaguliwe baada ya miezi 6.