Mtoto wa miaka 11 auziwa gemu ya watu wazima, na muuzaji anasema mnunuzi alikuwa mtu mzima

Wakuu, nimevumilia wiki mbili nikisubiri jibu la maana kutoka duka la mtandaoni lililomuuzia mwanangu gemu yenye alama ya 18, na jibu limekuja jana: kwa mujibu wa kumbukumbu zao, aliyenunua ni mtu mzima, hivyo hakuna kosa wala fedha ya kurudishwa. Mtu mzima huyo ana miaka 11 na bado analala taa ikiwaka.

Niliifungua akaunti yake ili nijionee ilivyokuwa. Kabla ya kuuza, duka huuliza tarehe ya kuzaliwa na si kitu kingine. Siku na mwezi hakuvigusa, akaviacha vilivyokuwa, tarehe 1 Januari. Kwenye mwaka akateremsha kidole mpaka 1980, akabonyeza kitufe cha kuendelea, basi. Hakuombwa kitambulisho, na mimi mzazi sikutumiwa hata ujumbe mmoja. Alilipa kwa kadi ya zawadi. Nilipoingia chumbani nilimkuta anarudia sehemu ambayo mchezaji humtesa mateka aliyefungwa kwenye kiti, na nilipomuuliza kwa nini anairudia, alinijibu kwa utulivu kabisa kwamba mara ya kwanza mateka alikufa kabla ya kusema.

Naomba nieleweke vizuri, maana najua kuna watakaokimbilia kuniambia kwamba wao wamecheza gemu za kuuana tangu utotoni na hawajamdhuru mtu. Sijadai kwamba mwanangu atakuwa muuaji. Ninacholalamikia ni biashara: alama ya 18 haikubandikwa na mimi wala na mchungaji wa kanisa lolote, ilitolewa chini ya utaratibu ambao wenye viwanda wenyewe wameukubali, kisha muuzaji akaiweka kwenye picha ya jalada na kuuza kana kwamba ni pambo.

Hoja ya kwamba wafanyabiashara wajisimamie wenyewe ni ya zamani. Nchini Marekani, baada ya maseneta kuwahoji wakuu wa viwanda mwaka 1993 kuhusu michezo ya kumwaga damu, viwanda viliunda bodi yao ya kupanga umri, ESRB, mwaka 1994. California haikuridhika, ikatunga sheria mwaka 2005 ya kumtoza anayemuuzia mtoto gemu katili faini ya hadi dola 1,000 kwa kila kosa. Sheria hiyo haikutumika hata siku moja, kwa sababu mahakama ziliizuia, na Juni 2011 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaibatilisha kwa majaji 7 dhidi ya 2, kwa hoja kwamba gemu zinalindwa na uhuru wa kujieleza kama vitabu vinavyolindwa. Jaji Scalia, aliyeandika hukumu, alikumbusha kwamba hata ngano za Grimm, hadithi za kale za Kijerumani wanazosomewa watoto, kama ile ya mchawi anayesukumwa kwenye tanuri, zimejaa ukatili. Ni kweli, lakini mtoto anayesoma jinsi mchawi alivyosukumwa tanuri­ni haombwi kumsukuma yeye mwenyewe, wala harudishwi mwanzo kwa kumsukuma vibaya. Mimi si mwanasheria, ila namwelewa zaidi Jaji Breyer, aliyepinga hukumu hiyo na kuuliza kuna mantiki gani kumkataza kijana wa miaka 13 kununua gazeti lenye picha ya mwanamke aliye uchi, huku ukilinda kuuziwa kwake gemu ambayo ndani yake anamfunga mwanamke huyo, anamtesa na kumuua.

Wala tusiambiwe kwamba haiwezekani. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilikuwa ikituma watoto madukani kujaribu kununua gemu zilizopangiwa umri wa miaka 17 na kuendelea: mwaka 2000 waliofanikiwa walikuwa asilimia 85, na katika jaribio lililotangazwa 2011 walikuwa asilimia 13. Hapakuwa na sheria ya kuwabana wauzaji hao. Walijua tu kwamba kuna mtu anawapima na kutangaza matokeo. Uingereza ilikwenda mbali zaidi, na tangu Julai 2012 kumuuzia mtoto gemu ya daraja la 12, 16 au 18 kabla hajatimiza umri huo ni kosa la jinai. Lakini sheria hiyo inahusu nakala za kushikwa mkononi, zile za diski na kasha lake, wakati watoto siku hizi wanapakua. Tumeweka askari kwenye mlango ambao hakuna anayeupitia.

Ninachotaka serikali zifanye si kupiga marufuku gemu yoyote, na mtu mzima acheze apendavyo. Zimlazimishe muuzaji wa mtandaoni athibitishe umri kwa njia isiyotegemea neno la mnunuzi, zimtoze faini anapomuuzia mtoto, na zimwamuru arudishe fedha bila kumzungusha mzazi.

Nimewaandikia tena asubuhi hii nikiomba angalau wasahihishe umri wa mwanangu kwenye akaunti ili asiuziwe nyingine. Wamejibu kwamba tarehe ya kuzaliwa ikishajazwa haibadilishwi, kwa sababu za kiusalama.